Nyimbo nane zilizobaki studio: kisa cha albamu ya Krismasi ya mwimbaji wa kantri

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwimbaji mwenyewe. Jina lake, mji, mwaka, studio na kampuni zilizohusika nimeviondoa, na mambo machache ya kifamilia nimeyabadilisha ili asitambulike. Mtiririko wa matukio nimeuacha ulivyo, pamoja na makosa, likiwemo langu.

Usuli

Mwimbaji ni mwanamume wa makamo anayeishi katika mji mmoja wa nyanda za juu nchini Kenya. Siku za kazi anauza vipuri vya magari. Ijumaa na Jumamosi usiku anavaa kofia pana na buti, anaimba kantri kwenye hoteli na harusini, na mara nyingi zaidi ya anavyopenda, mazishini. Ana sauti ya chini, nzito, isiyo na haraka. Wazee wakimsikia hutaja jina moja tu: Jim Reeves.

Msomaji ambaye hakukulia kwenye nyumba yenye redio ya betri huenda akashangaa inakuwaje mtu wa Texas aliyefariki mwaka 1964 bado ana wapenzi vijijini kwetu. Reeves alikuwa mtangazaji wa redio kabla ya kuwa nyota. Mwanzoni aliimba kwa sauti ya juu kama wenzake wa zama zile, lakini mwaka 1957, kwa wimbo "Four Walls", alisogeza mdomo karibu na maikrofoni akashusha sauti mpaka msikilizaji akahisi anaongeleshwa yeye peke yake. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole na kila neno lilisikika. Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani aliweza kumfuata mstari kwa mstari, na nadhani hiyo ni nusu ya sababu wazee wetu walimpenda hivyo.

Mwaka 1963 kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri yake ya Krismasi yenye nyimbo kumi na mbili. Tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville. Maana yake santuri ile aliishi nayo Krismasi moja tu. Huku kwetu imeishi Krismasi zaidi ya hamsini.

Baba wa mwimbaji alikuwa nayo. Kila tarehe 25 Desemba alfajiri, kabla ya watu kwenda kanisani, mzee aliiweka kwenye gramafoni, na watoto waliamshwa na "Jingle Bells" huku mama yao akikanda unga wa chapati. Walijua mpangilio wa nyimbo kama wanavyojua majina ya ndugu zao. Mzee alifariki mwezi Septemba, mwaka mmoja kabla ya kisa hiki kuanza.

Haya nayaeleza kwa urefu kwa sababu yanafafanua uamuzi ambao kwa macho ya biashara tu hauelezeki. Mwimbaji hakutaka albamu ya Krismasi ya aina yoyote. Alitaka nyimbo zilezile kumi na mbili, kwa mpangilio uleule, kwa sauti yake, ili mama yake azisikie tena alfajiri.

Yaliyotokea

Wazo lilitajwa mwishoni mwa Septemba, siku ya ibada ya kumbukumbu ya baba yake. Mwanzoni mwa Oktoba alikuwa studio na prodyuza kijana, mwenye sikio zuri na uzoefu wa injili na mugithi. Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mpiga gitaa la stili, lile linalolazwa mbele ya mpigaji na sauti yake huteleza kama mtu anayelia kwa mbali. Kwa mwimbaji, bila gitaa hilo hakuna kantri. Wiki tatu zilipotea hapo. Mpigaji mmoja alipatikana, lakini tarehe zake zote hadi Desemba zilikuwa zimeshachukuliwa na shoo.

Prodyuza akapendekeza njia ya mkato: kununua biti za karaoke mtandaoni, ambazo tayari zina gitaa la stili, ngoma na vinanda. Zilikuwa bei rahisi na zilisikika vizuri. Masharti ya leseni yalikuwa chini kabisa ya ukurasa wa malipo: kuimbia jukwaani ruksa, kutoa kama rekodi mpya hapana. Hakuna aliyeshuka hadi huko.

Sauti zilirekodiwa usiku nne mwanzoni mwa Novemba. Mambo matatu ya usiku huo yana uzito baadaye. Kwanza, "Mary's Little Boy Child" aliuimba kwa Kiswahili, kwa maneno aliyoyatafsiri yeye mwenyewe, kwa ajili ya mama yake. Pili, "O Little Town of Bethlehem" haikupatikana biti iliyoweza kushushwa hadi ufunguo wake bila kusikika kama mashine inayozama, kwa hiyo waliita waimbaji wanne wa kwaya ya kanisa la mkewe, soprano, alto, tenor na besi, wakaimba nyuma yake kwa kinanda kimoja. Tatu, "Silent Night" aliimba na gitaa lake peke yake, na mwanzoni prodyuza akaweka sekunde nane za santuri ya marehemu mzee: ile mikwaruzo ya sindano, kisha Reeves mwenyewe akianza, kisha sauti inafifia na mwana anaingia. Nimeisikia. Ilinitoa machozi.

Katikati ya Novemba prodyuza alijaza fomu ya msambazaji wa mtandaoni, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Fomu huuliza kuhusu kila wimbo: ni utunzi wako, ni wa kale usio na mwenyewe (hakimiliki yake imekwisha), au ni kava, yaani wimbo wa mtu mwingine unaourekodi upya? Kwa zote kumi na mbili alijibu kwamba ni za kale. Aliamini hivyo kwa dhati. Ni nyimbo za Krismasi, zinaimbwa makanisani na zinapigwa kwenye kila supamaketi kuanzia Novemba. Atakuwa nani mwenyewe?

Baada ya siku tatu albamu ilirudishwa. Nyimbo nane ziliwekewa alama kwamba zina wenyewe. Hapo ndipo nilipoitwa, kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia wanamuziki kupanga haki na usambazaji wa kazi zao.

Tulikaa tukazipitia moja moja. Sheria ya Kenya hulinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Watunzi wakiwa wawili, hesabu inaanza kwa aliyefariki mwisho. "White Christmas" ni ya Irving Berlin, aliyefariki mwaka 1989: inalindwa hadi mwisho wa 2039. "Silver Bells" ni ya Jay Livingston na Ray Evans. Evans aliondoka mwaka 2007, kwa hiyo ni hadi mwisho wa 2057. "C-H-R-I-S-T-M-A-S", ule wa kutamka herufi moja moja, mmoja wa watunzi wake ni Eddy Arnold, naye mwimbaji wa kantri, aliyefariki mwaka 2008. "Blue Christmas" na "The Merry Christmas Polka" ni za miaka ya arobaini. Na uliomuumiza kuliko zote ni "Mary's Little Boy Child". Aliujua kama wimbo wa kanisani, wa tangu zamani za wamisionari. Kumbe uliandikwa na Jester Hairston, Harry Belafonte akaurekodi mwaka 1956, Boney M wakauleta tena mwaka 1978, na Hairston alifariki mwaka 2000. Ni mdogo kuliko mama wa mwimbaji.

Zilizobaki bila mwenyewe zilikuwa nne: "Jingle Bells", iliyochapishwa mwaka 1857, "O Little Town of Bethlehem", ya mwaka 1868, "O Come All Ye Faithful", ambayo maneno yake ya Kiingereza ni ya mwaka 1841 na Kilatini chake ni cha karne ya 18, na "Silent Night".

Maamuzi na sababu zake

Tulikuwa na njia tatu mezani, na Novemba ilikuwa imebakiza siku kumi.

Njia ya kwanza ilikuwa kuomba leseni za kava. Kwa wimbo unaoimbwa kama ulivyo, jambo hili linawezekana, na wasambazaji wengi hutoa huduma hiyo kwa malipo. Lakini nyimbo saba kwa mara moja zingemaliza pesa alizotenga kwa video, na majibu yasingefika kabla ya katikati ya Desemba. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwa na kizuizi kikubwa zaidi. Leseni ya kawaida ya kava humruhusu mwimbaji kuupiga wimbo kwa mtindo wake. Haimruhusu kubadilisha maneno. Tafsiri ni kazi mpya iliyozaliwa na ya mwingine, na ruhusa yake hutoka kwa mchapishaji wa wimbo, kwa barua, kwa wakati wake mchapishaji.

Njia ya pili ilikuwa kuahirisha hadi mwaka unaofuata. Nikitazama nyuma, hii ndiyo iliyokuwa sahihi. Mwimbaji alikataa, na sikumlaumu. Hii ilikuwa Krismasi ya pili bila mzee, na mama alikuwa ameshaambiwa.

Njia ya tatu ndiyo tuliyochagua: kutoa zile nne tu pamoja na wimbo mmoja mpya wa kwake. Aliondoka ofisini kwangu akiwa amekunja karatasi yenye nyimbo nane zilizofutwa. Alirudi kesho yake jioni na wimbo. Ulikuwa wa Kiswahili, mtu anashuka kwenye basi tarehe 24 jioni na godoro lake limefungwa juu ya paa, duka la stejini linafungwa, anapanda kilima kwa miguu, na njia nzima anajiuliza nani atachinja mbuzi mwaka huu. Hautaji kifo hata mara moja. Waliurekodi usiku mmoja kwa gitaa na besi.

Kwa "Silent Night" tuliamua kutumia ubeti mmoja wa Kiswahili kutoka kitabu cha nyimbo cha kanisa lake. Nilikumbusha kwamba wimbo huo wa Mohr, aliyeandika maneno, na Gruber, aliyeandika muziki, hauna mwenyewe, lakini aliyeutafsiri ana haki yake. Tuliandika barua kwa wachapishaji wa kitabu. Ruhusa ilikuja ndani ya wiki moja, bila malipo, kwa sharti kwamba mfasiri atajwe. Katika kisa kizima hiki ndicho kitu pekee tulichokifanya kwa utaratibu unaotakiwa.

Nyimbo tano zilitoka tarehe 6 Desemba, na video zake YouTube siku hiyohiyo.

Tarehe 8 madai matatu ya hakimiliki yakaja kupitia YouTube. Mawili yalitoka kwa watengenezaji wa biti za karaoke, kwa "Jingle Bells" na "O Come All Ye Faithful". La tatu lilihusu zile sekunde nane za santuri. Mapato ya video zote tatu yakaanza kuelekezwa kwa wadai.

Kosa langu liko hapa. Nilikuwa nimeshughulika wiki mbili na suala la utunzi, na kichwani mwangu nyimbo hizi zilikuwa zimeshasafishwa. Nilimwambia apinge madai yote matatu, kwa hoja kwamba watunzi walifariki zamani. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli na haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hakuna aliyedai utunzi. Walidai rekodi. Utunzi (maneno na muziki) na rekodi (sauti iliyonaswa) ni mali mbili tofauti, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko wote waliokuwa kwenye kisa hiki.

Matokeo

Anayedai YouTube hupewa siku 30 kujibu pingamizi. Tulipinga tarehe 9 Desemba. Piga hesabu mwenyewe: jibu lingeweza kuja hadi wiki ya pili ya Januari, wakati mti wa Krismasi umeshatupwa na watoto wamerudi shule. Kwa kuwa tulipinga ndani ya siku tano za mwanzo, mapato yalishikiliwa badala ya kwenda moja kwa moja kwa mdai, na hiyo ilinipa matumaini ya bure. Januari madai mawili ya biti yalithibitishwa na pesa zikaenda kwa wenyewe, kwa haki. Lile la santuri nalo tulishindwa.

"O Little Town of Bethlehem" na wimbo wa mbuzi havikuguswa na mtu. Wimbo wa mbuzi ulienda mahali ambapo hatukuupeleka. Shemeji wa prodyuza ni dereva wa basi la usiku. Aliuweka kwenye flashi, abiria wakauliza ni wa nani, makanga wakagawana. Tarehe 22 ulipigwa kwenye stesheni moja ya FM ya lugha ya mama, mtangazaji akasema tu kwamba ameletewa na abiria. Maombi ya shoo yaliyokuja Januari na Februari yaliutaja wimbo huo kwa neno moja: "ule wa mbuzi". Malipo ya shoo hizo ndiyo yaliyorudisha gharama za studio, na kidogo juu yake.

"O Little Town" ulitumwa na watu kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya, na makanisa mawili yaliomba noti za sauti nne.

Kwa mama, alfajiri ya tarehe 25, mwimbaji aliketi sebuleni na gitaa akaimba zote kumi na mbili kwa mpangilio wa mzee, pamoja na ule aliotafsiri. Sebuleni hakuna fomu ya kujaza.

Uchambuzi

Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo iliyofanya makosa mengine yakose tiba. Nashville albamu za Krismasi hurekodiwa katikati ya mwaka, katika joto, ili zitoke Oktoba. Zamani nilidhani ni mazoea ya makampuni makubwa tu. Kisa hiki kilinionyesha sababu yake. Albamu ya kawaida ikipata dai la hakimiliki, unapoteza mwezi mmoja kati ya maisha yake yote. Albamu ya Krismasi ikipata dai tarehe 8 Desemba, imepoteza mwaka mzima, kwa sababu hakuna anayetafuta "Jingle Bells" Januari. Siku 30 za pingamizi ni ndefu kuliko msimu wenyewe uliobaki. Ukirudi nyuma kutoka tarehe 1 Novemba, ambayo ndiyo siku video inapaswa kuwa hewani na imeshapita mtihani wa madai, unapata kwamba masta, yaani rekodi iliyokamilika, inatakiwa kuwa kwa msambazaji mwanzoni mwa Oktoba, kurekodi kuishe Agosti, na barua za kuomba ruhusa ziondoke si zaidi ya Mei. Mwimbaji alianza mwisho wa Septemba. Hata kama kila kitu kingeenda sawa, alikuwa amechelewa miezi minne.

La pili ni namna tunavyopima umri wa wimbo. Prodyuza hakuwa mzembe. Alipima kwa sikio: wimbo unaoimbwa kanisani, ambao bibi anaujua, ni wa kale. Sheria haipimi hivyo. Nyimbo nyingi tunazoziita za Krismasi za zamani ziliandikwa na watunzi wa Marekani kati ya miaka ya thelathini na hamsini, wakati redio na filamu zilipokuwa na njaa ya nyimbo za msimu, na wengi wa watunzi hao waliishi maisha marefu. Zile za kale kweli zinatambulika kwa urahisi zikishapangwa kando: zinazungumzia hori, nyota na malaika, na ziko kwenye kitabu cha nyimbo zikiwa na tarehe ya mtunzi chini ya jina. "Jingle Bells" ni ubaguzi wa kupendeza, kwa kuwa haitaji Krismasi mahali popote. Ni wimbo wa farasi na theluji. Ushauri wangu sasa kwa kila mwimbaji ni kuandika jina la mtunzi na mwaka aliofariki mbele ya kila wimbo kabla ya kulipia saa moja ya studio. Kazi hiyo inachukua jioni moja.

Rekodi nayo ina saa yake. Santuri ya mzee inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa magumu. Kwa sheria ya Kenya, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa, kwa hiyo ya mwaka 1963 ilikuwa huru hapa tangu mwanzo wa 2014. Marekani rekodi hiyohiyo inalindwa hadi Februari 2067. Video ikipandishwa kwenye mtandao unaoonekana dunia nzima, mfumo wa utambuzi hauulizi santuri ilinunuliwa na nani, au ilipigwa alfajiri ngapi katika nyumba gani. Na tiba ilikuwa ndogo mno: YouTube humruhusu mwenye video kukata kipande chenye dai, na dai likaondoka. Tungekata sekunde nane tarehe 8 Desemba, "Silent Night" ingekuwa safi tarehe 9. Badala yake nilimpa barua ya kupinga. Zile biti mbili nazo zingeweza kutolewa na nyimbo kurekodiwa upya kwa gitaa usiku mmoja, kama alivyorekodi wimbo wa mbuzi. Tulitetea tulichopaswa kukibadilisha.

Sasa nije kwenye muziki wenyewe, kwa sababu naona ndiko kwenye somo lililofichika zaidi. Wiki tatu zilipotea kutafuta gitaa la stili, na biti zenye matatizo zilinunuliwa kwa ajili ya gitaa hilohilo. Lakini kasikilize tena Reeves wa miaka ya mwisho. Mtindo uliotoka Nashville mwishoni mwa miaka ya hamsini, ambao Chet Atkins aliujenga akiwa prodyuza wa RCA, ulipunguza makusudi fidla na gitaa la stili. Mahali pake waliingiza kinanda chepesi, nyuzi laini, na waimbaji wachache wa kuitikia nyuma. Huo ndio uzuri ambao wazee wetu waliupenda bila kuujulia jina. Mwimbaji alikuwa akikimbiza kitu ambacho kielelezo chake mwenyewe alikuwa amekiweka pembeni. Na alichokihitaji kilikuwa kanisani kwa mkewe kila Jumapili, sauti nne zilizozoeana kwa miaka. "O Little Town of Bethlehem", uliorekodiwa hivyo kwa kukosa njia nyingine, ndio uliomkaribia Reeves kuliko zote. Mama yake aliusikia kwenye simu akauliza kama ni santuri.

"Silent Night" pia ulikuwa na jibu ndani yake. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, kule Oberndorf nchini Austria, Mohr na Gruber waliuimba kwa mara ya kwanza kwa gitaa. Mtu mmoja na gitaa lake anaweza kuuimba na akawa amerudi kwenye chanzo; hauhitaji biti wala santuri ya kuutambulisha.

Kuhusu wimbo wa mbuzi nina maoni ambayo mwimbaji hakubaliani nayo kikamilifu. Yeye anasema ni bahati ya basi. Mimi naona ulifanya kazi ambayo kantri imekuwa ikiifanya tangu mwanzo, ya kutaja vitu vya nyumbani kwa majina yake na kuacha huzuni ijitokeze yenyewe: godoro, kilima, kisu ambacho hakina mshikaji. Nyimbo nane zilipofutwa alibaki na hasara mbili, ya baba na ya albamu, na wimbo ulitoka hapo. Sisemi kwamba hasara ni njia ya kutunga. Nasema kwamba ulikuwa wimbo pekee kati ya kumi na tatu ambao msafiri wa tarehe 23 Desemba alijiona ndani yake akiwa bado njiani. Theluji ya wimbo wa Irving Berlin ni nzuri, lakini barabara ile ina vumbi.

Ungewekwa wapi kama tungepanga vizuri? Ningeutanguliza peke yake katikati ya Novemba, kwenye flashi za mabasi kwanza na mtandaoni baadaye, halafu albamu iufuate. Mwimbaji anaweza kupendekeza wimbo mmoja ambao haujatoka kwa wahariri wa orodha za kusikiliza za Spotify, na Spotify hushauri afanye hivyo angalau siku saba kabla ya kutoka. Sisi tulituma vyote kwa pamoja, siku mbili kabla.

Julai iliyofuata walirudi studio. Kwaya iliongezwa hadi watu wanane, hakuna biti hata moja. "Jingle Bells" na "O Come All Ye Faithful" zilirekodiwa upya, "Silent Night" ikabaki na gitaa bila santuri, na leseni za kava zililipiwa kwa nyimbo mbili kati ya zile nane, "White Christmas" na "Silver Bells", kwa kuwa ndizo mama alizochagua. Masta ilifika kwa msambazaji wiki ya kwanza ya Oktoba. Tafsiri ya wimbo wa Hairston tuliituma kwa mchapishaji mwezi Mei, mstari kwa mstari, Kiswahili na Kiingereza sambamba. Mwezi Septemba walijibu kwamba wameipokea na wanatafuta mtu wa kuisoma Kiswahili.